Ushuru wa Pesa Ambazo Hazijaingia Mfukoni

Makomredi wengi tukisikia VAT tunawaza bei ya sabuni na bando, mjadala unaishia hapo. Lakini kuna upande wa ushuru huu ambao sisi tunaosomea ualimu tunafaa kuujua, kwa sababu unawaumiza watu wanaozihudumia shule. Ni hivi: sheria inamdai muuzaji VAT ya mali ambayo mteja bado hajailipia.

Tupige hesabu. Mjomba wangu ni seremala, na karakana yake imesajiliwa kwa VAT. Mwezi wa tatu mwaka jana aliipelekea shule moja ya upili ya umma madawati ya shilingi 1,000,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, ankara ya eTIMS ikasoma 1,160,000. Kisheria ushuru haungoji malipo. Unadaiwa mali inapofikishwa, ankara inapotolewa au pesa zinapopokelewa, lolote litakalotangulia. Kwa hivyo kufikia tarehe 20 mwezi wa nne alitakiwa kuipa KRA 160,000, akitoa tu 64,000 alizolipa kama VAT aliponunua mbao. Salio 96,000. Shule haikuwa imempa hata ndururu. Akakopa kwenye chama, kwani ukichelewa kuna faini ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake.

Shule nayo je? Mwalimu mkuu si mwizi. Anangoja mgao wa serikali, shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sote tunajua unavyochelewa na unavyokuja vipande vipande. Yaani serikali haijatoa pesa za madawati, lakini ushuru wa madawati hayo hayo imeshauchukua. Hapo mimi nakataa.

Kweli, sheria imeacha mlango. Kifungu cha 31 cha Sheria ya VAT ya mwaka 2013, kilivyotungwa, kilimruhusu muuzaji ambaye hajalipwa aombe kurudishiwa ushuru baada ya miaka 3, au mteja akitambuliwa kisheria kuwa amefilisika. Sasa shule ya umma itafilisika lini? Kazi ni kungoja tu. Hata ukipunguza mwaka mmoja hapo, ni karakana gani ndogo itakayokaa miaka 2 bila mtaji wake? Uingereza wanangoja miezi 6 tangu siku deni lilipofaa kulipwa, mradi muuzaji awe amelifuta kwenye vitabu vyake. Tena kule biashara yenye mauzo yasiyozidi pauni milioni 1.35 kwa mwaka inaweza kuchagua kulipa VAT pale tu mteja anapolipa.

Watetezi wa KRA watasema ukilegeza kamba watu watacheza: muuzaji arudishiwe ushuru kwa kudai hajalipwa, huku mnunuzi ameshaudai uleule kama VAT ya manunuzi. Kati ya wafanyabiashara wawili, hoja hiyo ina uzito, na Uingereza wameijibu kwa kumtaka mnunuzi asiyelipa arudishe alichodai. Lakini shule haidai VAT ya manunuzi, maana elimu haitozwi VAT. Na hesabu za shule ya umma hukaguliwa na serikali yenyewe. Huo udanganyifu utapitia wapi?

Ninachopendekeza ni kifupi. Bunge liandike kwamba anayeiuzia shule ya umma, hospitali ya umma au kaunti atalipa VAT ya mauzo hayo mwezi anaolipwa. Hazina haitapoteza shilingi. Itangoja tu, kama anavyongoja seremala. Na pengine ikingojea pamoja naye, mgao utatoka mapema kidogo.

Makomredi, miaka michache ijayo ni sisi tutakaosaini kupokea madawati. Tukikuta mafundi wanakataa kupeleka mali shuleni, au wamepandisha bei ili kufidia kungoja, tusishangae. Na wakikataa, watakaobanana watatu kwenye dawati moja ni wanafunzi wetu.