Nani kakwambia breki ya mbele inaua?

Jamani, kuna hekima moja ya kijiweni ambayo hapa Mwanza imeheshimiwa kupita kiasi. Ukinunua baiskeli, iwe Phoenix au hizi za gia za mtumba, lazima atokee mjuzi akushauri: "Ng'oa breki ya mbele, itakupindua, hiyo inaua." Na watu wanang'oa kweli. Kisha wanapanda nayo Bugarika, Isamilo au Igogo, wanafunga mzigo kwenye keria, halafu wanashuka.

Naipinga hekima hiyo bila kumung'unya maneno. Ni uongo, na unavunja watu mifupa.

Jiji letu ni la miamba. Nyumba zimepanda mlimani hadi juu ya mawe, na vichochoro vyake vinazunguka mwamba mmoja baada ya mwingine. Matokeo yake ni kona fupi katikati ya mteremko mkali, ukuta huku, mtaro kule. Palipojengwa barabara za mawe kuna nafuu, lakini mvua ikinyesha mawe nayo yanateleza. Hapo ndipo mtu anashuka na breki ya nyuma peke yake, au hana kabisa, anakanyaga tairi kwa kandambili.

Sasa turudi kidogo darasani. Kitu kilicho kwenye mwendo ukikizuia, uzito wake unakimbilia mbele. Ndiyo maana dereva wa daladala akifunga breki, abiria wote mnainama kuelekea kwake. Kwenye mteremko uzito umeshaegemea mbele hata kabla hujagusa breki. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Ukilibana linajifunga, linaserereka, na baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. La mbele ndilo lililokandamiza ardhi, ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Wewe umeng'oa breki ya hilo hilo!

Je, breki ya mbele haipindui? Inapindua, sitadanganya. Inampindua anayeibana yote kwa ghafla huku kifua kimelala kwenye usukani. Inamwangusha anayeibana wakati amekata kona juu ya changarawe. Hilo ni kosa la mkono, si la breki. Kisu kikikukata kidole, hutupi visu vyote ukaanza kukata nyama kwa meno.

Dawa yake inajulikana. Punguza mwendo KABLA ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, kwa breki zote mbili, kidogo kidogo. Inuka kwenye kiti, sukuma makalio nyuma, shusha kifua, kunja viwiko. Ingia kona kwa nje, gusa ndani, tokea nje tena, ila usivuke upande wako, maana bodaboda inaweza kuwa inapanda. Pedeli ya upande wa nje iwe chini na uisimamie. Ukiwa ndani ya kona legeza breki. Mteremko ukikulazimisha, ziguse tu, usizibane. Macho yatazame unakotokea, si mtaroni, kwa sababu baiskeli hufuata macho.

Mwenye gunia la mkaa hawezi kusogea nyuma, lakini gunia lenyewe limekaa nyuma. Hatari yake ya kupinduka ni ndogo kuliko yako, na haja yake ya breki mbili ni kubwa zaidi. Kona ikizidi, kushuka na kuisukuma si aibu.

Mtasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye baiskeli za mamilioni. Someni historia. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax, California, vijana walianza mashindano ya kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu, nzito, nyingi hazina gia, ndugu kabisa wa Phoenix. Breki zao za ndani ya gurudumu la nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua ikawa moshi. Baada ya kushuka ilibidi wajaze grisi upya, ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack. Hawakukaa kijiweni kulaumu mlima. Walitafuta breki bora, wakafunga mbele na nyuma, na katika pilika hizo baiskeli ya mlimani ikazaliwa. Mwaka 1996 ikaingia Olimpiki, kule Atlanta.

Sisi je? Mtu akiparamia mwamba tunasema "breki zilifeli", au "siku yake ilikuwa imefika". Breki ipi iliyofeli, wakati ilitolewa kwa spana mchana kweupe? Aliyeshuka mlima mmoja bila breki anapandishwa mwingine, wa Bugando, akiwa amebebwa. Fundi yuko kijiweni anasubiri mteja mwingine. Mungu anasingiziwa mengi!

Mafundi, acheni kung'oa breki, zirekebisheni. Wazazi, mkimnunulia mtoto baiskeli ya shule, jaribuni breki zote mbili kabla hamjalipa. Nanyi wasomi wa Nyegezi mnaoendesha baiskeli wikiendi kwa starehe, mfundisheni jirani anayeendesha kwa kutafuta ugali.

Anayebisha aje na hoja, si na hadithi ya binamu yake aliyepinduka.

Naomba kutoa hoja.