Mashujaa wa Sinema na Midimu ya Newala

Superman alitokea mara ya kwanza katika vitabu vya picha vya Marekani mwaka 1938. Sinema yake kubwa ilitoka mwaka 1978. Mwaka 2013 hadithi ikaanzishwa upya, na mwaka 2025 ikaanzishwa tena. Spider-Man ndiye kichekesho zaidi: kati ya mwaka 2002 na 2017 vijana watatu tofauti walivishwa barakoa ile ile.

Wako wasemao kwamba huko ni kufilisika kwa mawazo. Sisi hatuafikiani nao. Kumrudisha shujaa wa zamani si aibu, na wananchi wa uwanda wa Makonde wanaijua kazi hiyo vyema. Watoto watokapo jandoni, midimu hutoka kucheza, mingine ikitembea juu ya miti mirefu. Ngoma ni ile ile ya mababu, lakini sura za vinyago huchongwa upya: mara mzee wa kijijini, mara askari, mara Mzungu. Huo nao ni uanzishaji upya, tena wenye dhihaka kali kuliko ya sinema nyingi.

Hitilafu iko katika umiliki. Waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130. Tangu hapo kampuni ndiyo iamuayo shujaa afe lini na afufuke lini, na kipimo chake ni mapato ya mlangoni. Midimu haina kampuni. Huamuliwa na wazee na wachongaji. Lakini mali isiyo na hati huibwa kwa urahisi. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilionekana baadaye Geneva, katika Makumbusho ya Barbier-Mueller, na kikarejeshwa mwaka 2010 tu.

Hata kamera si ngeni huku. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya sinema na ya kunasa sauti, akachukua ngoma za wenyeji, akaenda nazo Ulaya.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana Bwana Msa, mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Tunachelea kwamba kijana wa Unguja leo anamjua Batman kuliko yeye. Kwa nini asirudishwe, warithi wakipewa haki yao?

Kwa maofisa utamaduni wa Masasi na Newala tunasema: msimu ujao wa jando, midimu ipigwe picha za sinema. Wazee waulizwe kwanza. Lililo siri ya jandoni libaki jandoni. Majina ya wachongaji yaandikwe. Na nakala zibaki wilayani kabla ya yoyote kupelekwa Dar es Salaam.