Lisemwalo Lipo? Uvumi wa Mtelezo Mpya uShaka

Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, wifi yangu anayeishi Johannesburg alinipigia simu usiku. "Wifi, umeona ile meseji? uShaka wanafungua mtelezo mpya wa maji tarehe 16 Desemba, mkubwa kuliko yote Afrika, na siku hiyo watoto wanaingia bure. Nataka kukata tiketi za basi, mimi na watoto wanne, kabla nauli haijapanda."

Nilikuwa nimeiona. Ilishapita kwenye kundi la wazazi, la kanisa na la chama. Binti yangu alikuwa tayari anahesabu siku. Nikamwomba wifi asubiri mpaka Jumapili. Akacheka: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Wazazi wenzangu, nauli ya watu watano si pesa ya kuchezea. Basi nikaanza kuuliza.

Kwanza, nani kasema? Meseji ilikuwa na ile mishale miwili ya kuonyesha kwamba imesambazwa mara nyingi. Kila niliyemuuliza alikuwa ameipata kwa mwingine. Makundi matatu yakirudia maneno yaleyale, huyo bado ni shahidi mmoja, tena hajulikani.

Pili, karatasi iko wapi? uShaka, iliyofunguliwa mwaka 2004, ni mali ya manispaa ya eThekwini. Mwaka wa fedha wa manispaa huanza tarehe 1 Julai, na rasimu ya bajeti huwekwa wazi miezi kadhaa kabla ili wananchi watoe maoni. Zabuni kubwa nazo hutangazwa. Ukarabati mdogo unaweza kukupita usiuone, lakini mtelezo mkubwa kuliko yote Afrika lazima uache alama kwenye hesabu. Nilitafuta, sikuona kitu.

Tatu, macho yanasema nini? Jumapili tulitembea na watoto kando ya bahari, kutoka South Beach mpaka Point. Kitu cha kufunguliwa Desemba, Oktoba kingekuwa kimeshasimama: nguzo, kreni, mafundi. Tuliona mitelezo ya siku zote. Nikamuuliza kijana mmoja wa getini. Akasema naye amesikia, kwenye WhatsApp.

Nne, hata tangazo la kweli si jengo. Mwaka 2008 serikali ya jimbo la KwaZulu-Natal ilitia saini makubaliano na kampuni ya Ruwaad ya Dubai ili kujenga AmaZulu World huko Macambini, kaskazini mwa Durban, karibu na mto Thukela. Ulitajwa mradi wa randi bilioni 44: bustani ya burudani, viwanja vya gofu, maduka, na sanamu kubwa mno ya Mfalme Shaka. Huo haukuwa uvumi, ulikuwa na saini za wakubwa. Lakini pale palikuwa na makazi ya maelfu ya watu ambao wangehamishwa. Kabla mwaka haujaisha waliandamana na kufunga barabara ya N2. AmaZulu World haikujengwa. Kwa hiyo ukisikia mradi mkubwa, uliza pia: ardhi ni ya nani, na wanaoishi hapo wamekubali?

Tano, meseji inataka nini kwako? Ikiwa na kiungo cha kubonyeza, ikaomba namba ya pasipoti, ya kibali cha ukimbizi au ya benki ili "kuhifadhi nafasi ya mtoto", ifute. Sisi wageni karatasi zetu ndizo maisha yetu.

Wifi hakukata tiketi. Tarehe 16 Desemba ikafika na kupita bila mtelezo mpya wala kuingia bure. Alikuja Januari, kabla shule hazijafunguliwa, na watoto wakateleza kwenye mitelezo ile ya zamani mpaka vidole vikakunjamana kwa maji.

Aliyeumia ni binti yangu, na kosa ni langu. Siku ile ya kwanza nilimjibu "tutaenda" kabla sijauliza lolote. Siku hizi meseji kama hizo zikifika, namwambia "tumesikia, tunaulizia". Ananielewa, na wakati mwingine ananisaidia kutafuta.