MWENYE KUITA MUSAADA ASIFUKUZWE



Mutu akianguka shimoni, hatumuulize kwanza kama alivaa kofia ya kazi. Tunamutoa, tunaita munganga. Mambo ya kofia yatakuja nyuma. Katika mashule makubwa ya Marekani walikawia sana kujifunza neno hilo.

Kule mwanafunzi ananunua kidonge kwa rafiki, apate usingizi ao asahau mutihani. Kidonge kinafanana kabisa na kile cha duka la dawa, lakini kimechanganywa na fentanili, dawa kali ya jamii moja na morfini. Miligramu 2 tu, kama punje chache za chumvi, zinaweza kuua. Dawa hiyo inalaza ubongo mpaka unasahau kuvuta pumzi. Wenzake wanamusikia anakoroma, wanasema: «Amechoka, mumuache alale.» Asubuhi wanamukuta amekuwa baridi. Kumbe hakukuwa kulala. Midomo ikigeuka bluu, mboni za macho zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, na ukimutikisa haamuki, mutu huyo anakosa pumzi.

Iko dawa ya kumuokoa: naloksoni. Inapulizwa puani, na mara nyingi pumzi inarudi kwa dakika 2 ao 3. Lakini nguvu yake inaweza kuisha wakati sumu ingali mwilini, basi lazima afikishwe hospitali. Tangu mwaka 2023 inauzwa Marekani bila karatasi ya munganga.

Vema. Lakini sanduku la dawa lina faida gani kama rafiki anaogopa kuita, akifikiri kwamba kesho atafukuzwa masomoni? Jimbo la New Mexico lilitunga sheria mwaka 2007: anayeita musaada hashitakiwi kwa kukutwa na dawa kidogo. Majimbo mengi yamefuata. Lakini sheria ya jimbo ni moja, na kanuni ya shule ni ingine. Wako wanaosema kwamba huruma hiyo inaharibu vijana. Mimi siwakubali. Maiti haiitwi mbele ya wakubwa wa shule ili ipewe onyo.

Jamaa zetu wengine wana mutoto anayesoma kule. Mukimupigia simu, mumuulize: naloksoni inawekwa wapi katika nyumba munamolala? Na shule inamufanya nini mwenye kuita musaada? Akijibu kwamba hajui, mumupigie tena kiisha juma moja.