Kizuri hakijiuzi

Ipo methali ambayo wafanyabiashara wetu huikariri kana kwamba ni sheria: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeifafanua darasani kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoitafakari ndivyo ninavyozidi kuitilia shaka. Mashahidi wangu ni magari ya Marekani ya miaka ya 1950.

Hudson Hornet, lililotoka 1951, lilikuwa na sakafu iliyoshushwa kati ya fremu, hivyo likakaa chini na kushika barabara barabara. Lilitamba katika mashindano ya NASCAR. Lakini kubadili umbo la gari kulidai mamilioni ya dola za kalibu na mitambo. Chevrolet iliugawa mzigo huo kwa magari zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hudson haikuikaribia hata idadi hiyo. Mnamo 1953 Ford ilipofurika soko ili kuipiku Chevrolet, fahali wawili walipigana, nyasi zikaumia. Hudson iliungana na Nash 1954, na baada ya 1957 majina yote mawili yalizikwa.

Kisa cha Packard ndicho kinachonigusa zaidi, labda kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kampuni hiyo iliunda injini za ndege za Merlin zaidi ya 55,000, kwa hivyo ustadi haukuikosa. Jina lake lilimaanisha utajiri. Hata hivyo, 1935, uchumi ulipodorora, ililipa jina lilo hilo gari la bei nafuu, One Twenty. Hatua hiyo iliiokoa (siwezi kuibeza), ila neno likitumiwa kwa kila kitu hupungukiwa maana. Wenye pesa wengi walihamia Cadillac. Packard iliinunua Studebaker 1954, ikaacha kuunda magari Detroit 1956, kisha ikabandika jina lake kwenye magari ya Studebaker. Wanunuzi hawakuhadaika. Jina hilo lilikoma 1958.

Linalonikera katika methali yetu ni hukumu iliyofichwa ndani yake, kwamba aliyeshindwa basi kazi yake ilikuwa mbovu. Studebaker ilianza kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi mnamo 1852. Ilipoacha kuunda magari South Bend, Indiana, Desemba 1963, maelfu ya mafundi walirudi nyumbani bila kazi, wengi wao wakiwa hodari kama wa Detroit.