Mshikaji akifa, ushikaji nao unazikwa?

Leo naomba tuyaweke pembeni yale mambo yetu ya nani kamwacha nani, tuongee jambo linalotuhusu zaidi sisi wanaume. Lakini kina dada msiondoke kijiweni, maana likiharibika ninyi ndio mnaobaki na mzigo.

Naanzia mbali kidogo. Mwezi Machi 2023 nilibahatika kwenda mamtoni, Marekani, katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Nilikwenda kumtembelea kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye amezamia huko miaka mingi, sasa ana karatasi zake na familia yake. Si unajua tena akili zetu? Kichwani nilikuwa na picha ya Ijumaa za mamtoni: taa, muziki, watu wamependeza. Nilibeba na suti kabisa.

Ijumaa ya kwanza, saa tisa alasiri, kaka akanigongea mlango. "Dogo, jiandae tukale samaki."

Nikatinga suti. Kalenda ilisema majira ya kuchipua yameingia, lakini baridi ilikuwa inang'ata masikio. Miti bado ilikuwa mifagio mitupu, ila ukisogea karibu unaona vichipukizi vidogo kama ncha za penseli. Tukaenda mpaka kwenye ukumbi wa kanisa. Nikajua kuna harusi. Wee! Nimeingia tu, bwana mmoja kanivalisha aproni juu ya suti yangu, akanisukumia jikoni. Nikamgeukia kaka.

"Kula utakula," akaniambia, huku anacheka. "Kwanza osha masinia."

Nikachoka!

Ngoja nikueleze nilikuwa wapi. Kaka ni mwanachama wa Knights of Columbus, udugu wa wanaume Wakatoliki wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Unaposikia Knights usidhani ni watu wa farasi na mapanga, ingawa wapo wenye daraja la nne ambao siku za sherehe hushika panga kweli, na zamani walivaa kofia zenye manyoya mpaka zilipobadilishwa miaka ya karibuni. Kazi yao kubwa ni nyingine. Wako zaidi ya milioni mbili duniani, wengi wakiwa Marekani, Kanada, Mexico na Ufilipino. Kwao majira ya kuchipua ndiyo msimu wa pilikapilika, kwa sababu Kwaresima na Pasaka huangukia humo.

Wakatoliki hawali nyama siku za Ijumaa katika Kwaresima. Kwa hiyo kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka karibu na Pasaka, parokia nyingi za Marekani hukaanga samaki kila Ijumaa na kuwauzia watu wote, mwenye dini na asiye na dini. Na Cincinnati ndio wenyewe kwa mambo hayo. Unaijua ile baga ya samaki ya McDonald's? Ilibuniwa hapo hapo Cincinnati mwaka 1962 na bwana Lou Groen, mwenye tawi moja la mgahawa huo, baada ya kuona Ijumaa mauzo yake yanadorora kwa sababu wateja wake wengi walikuwa Wakatoliki. Yaani mfungo wa watu ukazaa baga inayouzwa dunia nzima. Wacha mchezo!

Basi nikaosha masinia. Foleni ya walaji ilitoka nje mpaka kwenye maegesho. Ndani wanaume watupu wamekunja mikono: huyu anakaanga, yule anakata kabichi, mwingine anabeba ndoo za mafuta. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, miaka sabini na ushee, mstaafu, mikono imejikunja kwa maji ya moto. Kwa Kiingereza changu cha kubabaisha nikamuuliza wanamlipa kiasi gani. Alicheka mpaka akaegemea sinki.

Halafu akanisimulia. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na moja. Wiki ya pili baada ya mazishi, wanaume wanne wakatokea nyumbani na ngazi. Hawakuja kutoa pole, pole walishatoa. Walipanda juu, wakaziba paa lililokuwa linavuja, wakanywa kahawa, wakaondoka. Mwaka uliofuata, theluji ilipoyeyuka, wakarudi, wakasafisha mifereji ya paa na kukusanya majani makavu uani. Kila majira ya kuchipua wakawa wanarudi, mpaka yeye mwenyewe alipofikia umri wa kushika ngazi.

"Sasa nashika ngazi za wengine," akasema, "na nikichoka nashika masinia."

Kicheko kikanikatika, msomaji wangu. Sababu utaiona mbele.

Usiku ule nikamkaba kaka anieleze huu udugu ulitokea wapi. Mwanzilishi wake ni padri kijana, Michael McGivney, mzaliwa wa Waterbury, jimbo la Connecticut, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1873 mzee akafariki, wakati Michael yuko seminari, akaacha mjane na watoto. Kwa hiyo huyu kijana hakusoma habari za ujane kwenye kitabu, aliziona jikoni kwa mama yake.

Alipopata upadri mwaka 1877 akapangiwa parokia ya Mtakatifu Maria, mjini New Haven. Huko akakuta hali ni ile ile. Wanaume wanafanya kazi ngumu, wanakufa mapema, na hakuna mafao wala bima ya serikali. Baba akifa, familia inaweza kutawanywa, huyu huku, yule kule. Mwaka 1882 kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa hatarini kutenganishwa na watoto wake. Padri McGivney akaenda mwenyewe mahakamani, akakubali kuwa mlezi wa mmoja wa vijana wale.

Oktoba 1881 alikuwa ameshawakusanya wanaume wachache katika chumba cha chini cha kanisa lake. Machi 29, 1882 chama kikapata hati rasmi ya jimbo la Connecticut, na mpaka leo tarehe hiyo wanaisherehekea kama siku ya kuzaliwa kwao. Wazo lilikuwa jepesi: mwenzetu akifa wote tunatoa, ili mkewe na watoto wasilale nje. Padri mwenyewe hakuishi sana. Nimonia ilimchukua Agosti 1890 akiwa na miaka 38 tu. Oktoba 31, 2020 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Siwapambi kupita kiasi. Ile michango ya mwanzo imekuwa kampuni kubwa ya bima, na bima unanunua, hupewi bure. Halafu pale jikoni nilihesabu vichwa: vingi vyeupe, vijana wa kuhesabika. Hata wao wanalia kwamba vijana hawaji. Lakini kazi niliiona kwa macho yangu.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye nyumba ya bibi kizee mjane, tukafyeka, tukafagia majani yaliyooza chini ya theluji. Jumapili moja ukumbi ukawa kituo cha kuchangia damu. Waliotoa walipewa biskuti na juisi kama watoto. Kaka akanieleza pia kuwa katika majimbo mengi hawa jamaa husimama barabarani na milango ya maduka wakiwa na vizibao vya njano, wanagawa pipi za Tootsie Roll na kuomba michango kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Kuna wanaofanya hivyo wikiendi ya Jumapili ya Matawi, kuna wanaofanya msimu mwingine. Na mashindano ya kwanza ya Special Olympics, yale ya Chicago mwaka 1968, walikuwepo kujitolea. Jumamosi kabla ya Pasaka, walificha mayai ya plastiki yenye pipi kwenye majani ili watoto wayatafute. Niliwaona wazee wanne wakibishana kwa ukali kabisa mahali pa kuficha yai. Raha tupu!

Sasa nakuja kwenye lile lililonikata kicheko.

Nilikuwa na mshikaji wangu, fundi wa mafriji, hapa hapa Dar. Jina lake naliacha, apumzike kwa amani. Alifariki mwaka 2021. Msiba wake ulikuwa wa nguvu. Kijiwe kizima tulichanga, tukakodi mabasi mawili, tukachapa fulana zenye picha yake, tukamsindikiza mpaka kwao Moshi. Watu wakasema, "Jamaa alikuwa na watu!" Tukavimba vichwa.

Pale makaburini mzee wa ukoo akasimama, akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze kwa familia. Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa pili. Alikuwa ananidai shilingi laki mbili na nusu. Alinikopesha bila karatasi, bila shahidi, siku ambayo mwenye nyumba alitaka kunitolea vitu nje. Nikaangalia viatu vyangu. Mzee akarudia tangazo. Nikaendelea kuangalia viatu.

Baada ya arobaini, sikukanyaga tena kwa shemeji. Nilijiambia niko bize. Kijiwe kizima kilikuwa bize.

Ndiyo maana maneno ya yule mzee wa masinia yalinikaa. Wanaume wanne na ngazi. Sisi tulikuwa mabasi mawili na fulana, na hakuna aliyerudi hata na nyundo.

Niliporejea Dar, wiki hiyo hiyo nikaanza kuulizia. Shemeji alikuwa ameshahama. Nikampata Mbagala, chumba kimoja na watoto wawili, anakaanga vitumbua asubuhi. Ndugu wa marehemu walichukua pikipiki na sanduku la vifaa vya kazi, wakasema ni mali ya ukoo. Mtoto mkubwa alikuwa ametolewa ile shule ya kulipia. Nimesimama mlangoni, nimeshika bahasha, sijui nianze na lipi. Akaniangalia kwa muda.

"Karibu shemeji," akasema. "Nilidhani ulihama mji."

Hakusema kwa ubaya. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikamweleza habari ya deni, lote, na viatu vyangu pale makaburini. Akapokea bahasha, akahesabu. Akasema marehemu alimwambia juu ya hizo hela, na alimwambia asizidai maana mimi nitazileta mwenyewe. Miaka miwili alikuwa anasubiri, anaona aibu kunidai. Fikiria, anayedai ndiye anaona aibu!

Nikarudi kijiweni nikalianzisha. Tulikuwa kumi na mmoja, Wakristo na Waislamu, kila mtu na imani yake. Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila mwezi shilingi elfu kumi kwenye akaunti, si mfukoni mwa mtu. Pili, kila mmoja aandike karatasi anayemdai ni nani na anayedaiwa ni nani, mkewe awe na nakala. Tatu, mwenzetu akitutoka, baada ya arobaini watu wawili wanapangwa kwa zamu kwenda nyumbani kwake kila mwezi: kuona bati, kuona bomba, kuona mtoto anasoma wapi.

Sitakudanganya, wawili walishaacha kuchanga. Sanduku la vifaa lilirudi baada ya vikao vitatu na maneno mengi, pikipiki mpaka leo haijulikani iliko. Kijana mkubwa wa marehemu ameanza kwenda kwa fundi mmoja siku za Jumamosi, na spana anazoshika ni za baba yake.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya kanisani, wewe si mtu wa kanisani. Sawa. Lakini huhitaji majira ya kuchipua wala panga kiunoni. Wewe kijana unayesoma hapa kwenye daladala, hebu jiulize: kamati ya harusi ulitoa ngapi mwaka jana? Na yule mshikaji mliyemzika, mkewe anaishi wapi sasa hivi? Kama hujui, una kazi ya kufanya Jumamosi hii. Na kama unadaiwa na marehemu, ndugu yangu, acha kuangalia viatu.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.