Mpenzi wako hana makaratasi? Usimfiche

Wasee, kuna watu wanaishi na wapenzi wageni wasio na makaratasi, wakidhani miaka ya kukaa pamoja itawaokoa. Haitawaokoa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 15, inampa mgeni haki ya kuomba uraia baada ya ndoa ya angalau miaka 7. Ndoa, si kudeti. Akiamriwa kufukuzwa nchini kabla ya hapo, nafasi hiyo inapotea.

Kwangu, kumficha si kumlinda. Fungeni ndoa inayotambulika kisheria, hata kama ni ya watu wanne tu. Pesa za keki na tenti mpelekee wakili, aulize kuhusu pasi ya mtegemezi. Fanyeni hivyo mapema, kabla polisi hawajabisha.